Rejeta ya Chumba cha Nyanya

Nyanya alikuja London katikati ya baridi, na sanduku moja la nguo na jingine la vitu vya mzazi: pilipili manga, tangawizi kavu, habasoda, mafuta ya nazi kwenye chupa ya soda iliyoviringishwa nailoni juu ya nailoni, na leso mpya za kumfunga mama mdogo tumbo. Mama mdogo alikuwa amejifungua. Kabla ya mtoto huyu walitangulia wawili ambao hawakuishi, na ndiyo sababu Nyanya, mwenye magoti mabovu na kifua kibovu zaidi, alikubali kupanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alikuja kumlea binti yake mpaka arobaini itimie. Alilisema hilo uwanja wa ndege kabla hata hatujamaliza kusalimiana, kana kwamba kuna mtu pale aliyetaka kubishana naye.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka ule na sikuwa na kazi. Nilikuwa nikilala kwenye kochi la mama mdogo, Walthamstow, katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko, moja ya zile nyumba zilizoshikamana safu nzima kama meno. Juu kulikuwa na chumba cha mzazi na kijichumba ambamo mumewe, dereva wa basi la usiku, alilala mchana. Chini, chumba cha mbele alipewa Nyanya ili asipande ngazi. Kochi langu lilikuwa chumba cha kati, na nyuma kabisa ni jiko, ambamo boila, mtambo wa kuchemsha maji ya nyumba nzima, iling'ang'ania ukutani ikivuma.

Nyanya aliniita mume wangu, kama nyanya wote wa kwetu Mombasa wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, aliponiona nimejikunyata na blanketi kwenye kochi, aliuliza kwa sauti ya kusikika juu: ni mwanamume gani huyu anayemwacha mkewe chumba cha mbele peke yake akalala na mito? Mama mdogo alicheka mpaka akashika tumbo, akalalamika kwamba mshono unauma. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu nihamie kwake.

Baridi ya chumba cha Nyanya niliigundua mimi. Nilimpelekea chai mapema nikaona pumzi yake. Alikuwa kitandani na koti, sweta mbili, na mtandio juu ya kofia ya sufu, na alikuwa akikohoa kile kikohozi kinachoanzia mbali. Niligusa rejeta chini ya dirisha. Kwetu rejeta ilikuwa kitu cha gari, na mpaka wakati ule bado niliona ajabu kwamba watu wanapashia nyumba moto kwa maji yanayozunguka ndani ya chuma ukutani. Rejeta ya jikoni ilikuwa moto. Ya chumba cha kati moto. Ya juu, kwa mzazi, moto wa kuunguza. Ya Nyanya ilikuwa baridi kama kaburi, neno ambalo nilijikanya hapo hapo nisilifikirie.

Jambo la kawaida lilikuwa kumpigia simu mwenye nyumba. Nililifikiria asubuhi nzima. Mkataba ulikuwa wa watu wawili. Mwenye nyumba angekuja na kukuta mtoto, ambaye ana haki ya kuzaliwa, na bibi mgeni, ambaye anaelezeka. Halafu angekuta mimi na godoro la kochi lenye umbo la mwili wangu. Niliona jinsi angelitazama lile godoro. Nikajiona nimesimama barabarani na begi, na mama mdogo na kichanga nyuma yangu, wote tumefukuzwa kwa sababu yangu. Mama mdogo mwenyewe aliniambia nisipige. Alisema mimi nimesoma, nitaliweza. Chuma na maji tu, si roketi. Sikumkumbusha kwamba nilisomea historia.

Nikaenda maktaba, nikasoma kwenye kompyuta yao. Rejeta ikiwa baridi juu na moto chini, imejaa hewa. Ikiwa baridi chini na moto juu, ina tope la kutu. Ikiwa baridi yote, tazama valvu, na kama valvu iko wazi, basi sababu ziko nyingi na kila moja ina matawi yake. Nilirudi kupitia sokoni nikanunua ufunguo mdogo wa shaba, ule wa kutolea hewa, na nilipofika mlangoni kwa Nyanya ndara zangu zikilia kwenye sakafu ya mbao, alinikaribisha kama daktari.

Kwanza nilitazama valvu. Ni kichwa cha plastiki cha kuzungusha, kilicho chini pembeni, chenye namba mpaka tano na alama ya theluji mahali pa kufunga. Kilikuwa kwenye tano, wazi kabisa. Nikatia ufunguo kwenye tundu la juu, nikafungua kidogo. Hewa ikatoka ikifyonya, kisha matone ya maji meusi yakadondokea kwenye kitambaa. Nikafunga. Nikaketi sakafuni mkono wangu ukiwa juu ya chuma, na baada ya muda si mrefu nikahisi uvuguvugu unapanda, halafu joto la kweli. Sijui kama niliwahi kufurahia cheti changu namna ile.

"Mume wangu kanitibia chumba," Nyanya alimwambia mama mdogo aliposhuka kunywa uji. "Usiniulize kasomea nini. Kasomea mimi."

Kesho yake asubuhi rejeta ilikuwa baridi tena.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kunisumbua. Kama hewa ilitoka na imerudi, imerudia wapi? Hewa haitoki ukutani. Labda kuna bomba linalovuja chini ya mbao, na maji yanaozesha nyumba polepole, na siku moja mama mdogo atakanyaga sakafu na mtoto mikononi. Nikatazama geji ya boila, na presha ilikuwa imeshuka. Nikafungua bomba la kuongezea maji chini yake, nikaongeza, na nikaogopa kwamba nimezidisha. Nikavuta kiti jikoni nikakaa nikiitazama sindano ya geji kama mtu anayemlinda mgonjwa. Mume wa mama mdogo aliporudi kazini alinikuta hapo. Alitazama geji, akanitazama mimi, akaniambia nimpigie mwenye nyumba, akapanda kulala. Nilirudi chumbani kwa Nyanya. Valvu ilikuwa kwenye tano. Rejeta baridi. Nikatoa hewa tena, ingawa safari hii hakukuwa na hewa ya maana, na ikapata moto.

Siku iliyofuata nikaamua ni pini. Ndani ya kile kichwa cha plastiki kuna pini inayosukumwa kufunga maji, na inaweza kunata kwa kutu hata kichwa kikiwa wazi. Nikafungua kichwa, nikaigongagonga pini kwa mpini wa mwiko wa Nyanya, na yeye akiwa kitandani akaniuliza kama mwiko wake utarudi kupika au sasa umeajiriwa. Rejeta ikapata moto. Nikarudisha kichwa, nikaweka tano, nikatoka. Asubuhi, baridi.

Tulikuwa pia na hita ndogo ya umeme. Mama mdogo aliishusha kwa Nyanya, na Nyanya akaipandisha juu siku ileile, ngazi moja baada ya nyingine, akisema mzazi ndiye mwenye haki na moto. Kwake hilo halikuwa na mjadala. Mifupa ya mwanamke aliyejifungua iko wazi, alisema, na baridi ikiingia haitoki, itamngoja uzeeni. Kila asubuhi alimkanda mama mdogo kwa maji ya moto na kumnywesha uji wa pilipili manga hadi jasho limtoke kwenye nywele. Akimaliza alishuka akishikilia ukuta, akikohoa, akaketi ndani ya koti lake.

Jumatano mama mdogo aliniita jikoni akafunga mlango. Alikuwa amemlaza mtoto begani. Alisema kikohozi kile anakisikia kupitia sakafu, na usiku anakaa macho akikihesabu badala ya kulala mtoto anapolala. Ameshazungumza na wakala wa tiketi.

"Nimezika wawili," aliniambia. "Simziki mamangu kwa uzazi wangu. Ijumaa chumba kikiwa bado baridi, Jumamosi anapanda ndege."

Nilitaka kusema kwamba Nyanya hatakubali. Aliliona hilo usoni kwangu akasema hatamuuliza.

Lakini Nyanya alijua. Jioni hiyo nilipomletea maji ya udhu kwenye birika alinishika mkono, mkono wake ukiwa baridi hadi kwenye kifundo, akaniambia kwa upole wa uongo kwamba nikimwachia binti yake amrudishe kabla ya arobaini atanipa talaka tatu, na mahari harudishi. Nikacheka. Kisha akasema, bila mzaha sasa, kwamba kwa wale wawili wa mwanzo yeye hakuwapo. Alikuwa Mombasa, akaambiwa kwa simu. Akaniachia mkono akaanza kukunja mikono ya sweta.

Nililala nikiwaza tope. Kilichobaki ni tope, niliamua: kutu imejaa chini ya rejeta, inaziba maji yakitulia usiku na kulegea ninapoisumbua mchana. Tiba yake ni kuifungua yote ukutani, kuitoa uani na kuiosha kwa mpira wa maji. Niliona jinsi nitakavyofungua nati na maji meusi yatakavyomwagika kwenye zulia la mwenye nyumba, na boila itakavyokufa, na nyumba nzima itakavyokuwa baridi, mzazi na kichanga ndani yake. Niliiona Jumamosi pia. Niliona Nyanya kwenye kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege, akisukumwa na mtu asiyemjua, asigeuke nyuma.

Alhamisi jua lilipozama nilikuwa nimeazima spana kubwa kwa jirani. Sikuwa na ndara. Zilikuwa zimelowa jikoni, kwa hiyo nilikuwa na soksi tu. Boila ilikuwa imewaka kama ilivyotegeshwa kuwaka kila jioni. Mlango wa Nyanya ulikuwa wazi kidogo, nikaingia polepole kwa sababu niliona anasali. Alisali kwenye kiti kwa ajili ya magoti, mgongo wake kwangu, mtandio mweupe umemfunika mpaka miguuni. Nikachuchumaa kando ya rejeta kumngoja.

Kile kichwa cha valvu kilikuwa kwenye alama ya theluji.

Nilikitazama muda mrefu. Nilijua kwamba asubuhi nilikiacha kwenye tano. Nikafikiri labda kinajizungusha chenyewe kwa joto. Nakiri kwamba nililifikiria hilo kwa dhati. Kisha Nyanya akatoa salamu, kulia, halafu kushoto, na kushoto ndiko nilikokuwa. Macho yetu yakakutana. Akageuka mbele akanyanyua mikono kuomba dua, na ile ikawa dua ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akiomba. Aliwaombea walio hai na waliokufa. Aliwaombea majirani. Nilimngoja.

"Bado upo?" alisema mwishoni, bila kugeuka.

Nikamuuliza ni yeye anayefunga. Akasema mimi si polisi. Nikamuuliza tena, taratibu, na akavua mtandio, akaukunja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akasema ndiyo. Alikuwa akifunga boila inapowaka na kufungua akisikia ndara zangu zinakuja, nisipate usumbufu wa kuuliza. Ndipo nikaelewa kwa nini nilikuwa natibu kila siku. Nilipokuwa nikihangaika na funguo na miko, maji yalikuwa yanaingia yenyewe kwenye rejeta iliyokwisha kufunguliwa.

Sababu aliieleza kama mtu anayemfundisha mtoto. Akanionyesha bomba: linatoka jikoni, linapita chini ya ukuta wa chumba cha kati, linaingia kwake, halafu pale pembeni linapanda kutoboa dari kwenda kwa mzazi. Alilifuata kwa macho siku ya kwanza. Nyumbani kwetu Mombasa, yeye amekaa ghorofani maisha yake yote, na ghorofani maji hufika iwapo aliye chini amefunga bomba lake. Miaka yote amepiga kelele dirishani kumwambia jirani wa chini afunge. Sasa leo yeye ndiye wa chini.

"Na juu yuko mwanangu na mifupa yake wazi," alisema. "Nifungue nijipashe moto mimi? Mimi nataka kumzaa nani?"

Nilikuwa na jibu. Maji yale hayaishi, yanazunguka, yanarudi kwenye boila na kutoka tena; nilikuwa na mchoro wake mfukoni kutoka maktaba. Nikafungua kinywa, halafu nikakumbuka sehemu nyingine niliyoisoma, kwamba rejeta iliyo karibu na boila huweza kweli kuzinyang'anya moto zilizo mbali, na kwamba fundi huibana iliyo karibu ili zote zipate. Nikashindwa kumwambia amekosea. Labda amekosea, labda hakukosea, na kama hakukosea, je, nikimfungulia, mtoto huko juu hatapoa? Nikamweleza vyote viwili. Alinisikiliza kwa makini, akaniambia maneno yangu ni mengi na mazuri, na kwamba yeye atakwenda kugusa mwenyewe.

Basi nikaondoa kifuniko cha plastiki upande wa pili wa rejeta, ambako kuna valvu ya fundi, nikaibana kidogo kwa spana. Kisha nikazungusha kichwa mpaka tano mbele ya macho yake. Tukangoja mpaka chuma kikashika moto. Halafu tukapanda, yeye mbele akishika ukuta, mimi nyuma na mikono tayari, nikiwaza pembe ya kila ngazi.

Mama mdogo alikuwa kitandani akinyonyesha. Aliponiona mimi na spana na mamake ndani ya koti akauliza nani amekufa. Nyanya alikwenda moja kwa moja kwenye rejeta, akaweka kiganja chote, akakiondoa haraka kwa sababu ilikuwa inaunguza, akakirudisha. Na hapo, karibu namna ile na dirisha, akahisi upepo. Akafunua pazia. Dirisha lilikuwa wazi upana wa kiganja, na joto lote la chumba lilikuwa linatoka kwenda barabarani.

Alimtazama binti yake.

Mama mdogo akasema ni mkunga. Mkunga anayekuja kumpima mtoto alisema chumba hiki kina moto kupita kiasi, si vizuri kwa kichanga, wafungue dirisha. Alikuwa analifungua Nyanya akishuka na kulifunga Nyanya akipanda, kwa sababu hakutaka kumuudhi. Alijua mambo ya mifupa. Kisha akauliza na sisi tunafanya nini pale, na ikabidi mimi niseme, kwa kuwa Nyanya alikuwa ameshikilia pazia na hakuonekana kama atasema. Nikaeleza kile kichwa cha valvu, na ndara, na ghorofa ya Mombasa.

Mama mdogo alimtoa mtoto kwenye titi akamlaza begani. Nilifikiri atakasirika, na nikaanza kupanga maneno ya kumtetea Nyanya, na maneno ya kumtetea mama mdogo kwa Nyanya.

"Kwa hiyo umekaa kwenye barafu unaniletea moto," alisema, "na mimi naumwaga dirishani."

"Umwage," Nyanya alisema. "Ni wako."

Mama mdogo akaanza kulia, kilio kile cha mzazi ambacho hakina sauti, kinashuka tu. Nyanya akaketi ukingoni mwa kitanda. Akatia mkono chini ya blanketi akashika unyayo wa binti yake, akaubana, kisha wa pili, kama anavyoshika nyanya sokoni kuzijaribu. Alikubali kwamba miguu ina moto. Akaigusa na ya mtoto. Nayo ilikuwa na moto. Mama mdogo akajifuta uso kwa ncha ya leso akasema tarehe ya tiketi ya kurudi haibadilishwi, Nyanya atakaa mpaka arobaini, ila kwa sharti moja: akisikia kikohozi cha rejeta iliyofungwa hata mara moja, atampakia ndege akiwa na mwiko wake mkononi. Nyanya akasema yeye na mwiko wake hawajawahi kutishwa na mtoto waliyemlisha. Lakini alikubali.

Kuhusu dirisha walibishana kidogo, kwa sauti ya chini mtoto asishtuke. Mkunga alipewa upana wa vidole viwili. Rejeta ya mzazi ilishushwa mpaka tatu. Niliishusha mimi, Nyanya akisimamia.

Kushuka ilikuwa ngumu kuliko kupanda. Nilitangulia kinyumenyume nikimshika mikono yote miwili, na kila ngazi alisimama kupumua. Chumba chake kilikuwa kimebadilika. Kioo cha dirisha kilikuwa na ukungu ndani, na harufu ya mafuta ya nazi, ambayo kwa baridi ilikuwa imelala, ilikuwa imeamka. Alisimama katikati kama mgeni. Kisha akavua koti, akanipa nilitundike, akavua sweta ya juu, akaketi kitandani akivuta soksi za sufu kwa vidole vya miguu. Nilibaki mlangoni na spana yangu, nikifikiria kama niliibana ile valvu sana, au kidogo mno, na kama nipande tena kuigusa ile ya juu.

"Funga mlango, mume wangu," alisema. "Joto linatoka."